Usimlete nyumbani: wiki saba barabarani na mpwa wangu

Kabla ya kuanza

Mpwa wangu ana miaka 19, na leseni yake haijafika miezi minne. Mtihani aliupita mara ya kwanza: kibao cha mji wa mfano na vigari vyake, alama za barabarani, kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma, kuegesha. Anafanya kazi katika duka la dawa mjini Mombasa. Wanafunga saa moja na nusu usiku, kisha anarudi peke yake na Vitz ya mamake: Buxton, daraja la Nyali, Kongowea, Bombolulu, hadi Kiembeni.

Mwezi uliopita, akikaribia Bombolulu, gari lilimjia nyuma likimpigia taa. Likamfikia ubavuni, mwanamume akashusha kioo na kumwonyesha kidole gurudumu la nyuma. Mtoto akasimama. Gurudumu lilikuwa zima. Yule mtu akateremka, akauegemea mlango wake, akamuuliza anakaa wapi, akataka na nambari ya simu. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa kando wakasogea, naye akarudi garini akaenda zake.

Nilimuuliza kwa nini alisimama. Jibu lake sijaweza kulisahau: "Mjomba, alikuwa mtu mzima. Aliniita binti yangu. Ningempita vipi?"

Mimi ni dereva wa teksi, huu mwaka wa 21. Nimefuatwa mara mbili, na mara zote mbili nilitoka salama kwa sababu niliijua barabara kuliko aliyenifuata. Yeye haijui hivyo bado. Kwa hiyo nimeamua kumfunza, na kuandika tunayoyafanya siku kwa siku, kwa ajili ya mzazi mwingine mwenye mtoto anayerudi usiku. Nataka mambo manne: akifuatwa ajue mapema, asimlete mtu huyo nyumbani, afike penye taa na watu, na apige simu inayoeleweka. Tutakutana Jumamosi alasiri na usiku mmoja katikati ya wiki.

Siku ya 1, Ganjoni

Sikumwambia nahesabu nini. Kwa dakika kumi alitazama kioo cha kati mara nne, tatu kati ya hizo akiwa amesimama. Macho yake yote yako mbele, kwa sababu mbele ndiko alikofunzwa kuogopa.

Tukawekeana desturi: kila taa, kila tuta, kila kona, jicho moja kwenye kioo. Asikodoe, apitishe tu. Kabla ya magharibi alifika mara 19 kwa dakika kumi na hakupoteza njia yake.

Siku ya 4, Tudor

Nambari za magari. Hapa palinishughulisha kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia asome nambari ya gari la nyuma kupitia kioo, akasoma 5. Nikageuka nikatazama: ilikuwa 2. Kioo hupindua kila kitu, kulia kuwa kushoto, na 2 iliyopinduliwa inafanana na 5 kwa mtu mwenye haraka. Miaka 21 nimeendesha na jambo hili sikuwahi kulisema kwa mdomo, nilikuwa nalifanya tu.

Tulikaa garini karibu na geti la chuo karibu saa nzima, tukisoma nambari kinyumenyume. Nambari ya gari la kawaida la Kenya ni K, herufi mbili, tarakimu tatu, herufi moja. Yote yana K mwanzo, kwa hiyo hiyo asisumbuke nayo. Ashike tarakimu tatu na herufi ya mwisho, aziseme kwa sauti mara tatu kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehifadhi. Rangi na aina ya gari baadaye. Akipata na alama ya pekee, taa moja hafifu au bampa lililopinda, hiyo ni faida kubwa, kwa sababu usiku rangi hudanganya lakini taa mbovu haidanganyi.

Siku ya 8, Ganjoni tena

Leo kona nne. Ukishuku gari, kata kushoto, kushoto, kushoto, kushoto, urudi kwenye barabara ileile. Mtu mwenye safari yake hana sababu ya kuzunguka mtaa mzima na kurudi alikotoka. Kushoto, kwa sababu huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto, na kukata kushoto hakukulazimishi kusimama kungoja magari yanayokuja.

Mara ya pili alijifunga mwenyewe kwa kuingia barabara ya upande mmoja. Nikafurahi ilitokea mchana. Kona nne ni dawa ya mahali unapopajua. Kwenye mtaa usioujua ni mtego, na usiku katika njia za ndani zisizo na taa sitaki azijaribu kabisa.

Kwenye foleni: simama mahali unapoweza kuona matairi ya gari la mbele yanapokanyaga lami. Ukiyaona, una nafasi ya kuchomoka. Ukiwa huyaoni umeshabanwa. Hili alilishika kwa siku moja.

Siku ya 11, simu

Sheria hairuhusu kushika simu gari likitembea, faini yake ni shilingi 2,000, na hata isingekuwapo faini mkono mmoja haumtoshi mtu anayefuatwa. Tumefunga kishikio kwenye dashibodi, na nambari ya mamake, yangu na 999 ziko juu kabisa. Anapiga kwa kugusa mara moja, spika imefunguliwa. 112 nayo inaingia polisi.

Maneno ya kusema tumeyapanga yatoke kwa pumzi moja: niko wapi, naelekea wapi, gari gani linanifuata. Basi. Hofu aieleze baadaye.

Tulijaribu na dada yangu. Tulikuwa tumeegesha ufukweni Mama Ngina chini ya mbuyu, tunakula mihogo, akampigia mamake bila ya kumwambia ni mazoezi. Hilo lilikuwa kosa langu na nimemwomba dada radhi. Alipiga ukelele. Akauliza maswali sita kabla mtoto hajamaliza kusema moja. Kisha akasema maneno ambayo mama yeyote angeyasema: "Njoo nyumbani mwanangu! Njoo upesi, nafungua geti!"

Hapo ndipo nilipoiona kazi ilipo. Geti lililofunguliwa, mama amesimama nje na dera, mtoto anaingia mbio na nyuma yake anaingia yule mtu, au haingii, anapita pole pole akiihesabu nyumba. Keshajua. Kesho anaweza kurudi bila kumfuata mtu.

Kwa hiyo na dada naye ameingia darasani. Kazi yake ni tatu: asikate simu, amuulize mtoto jambo moja tu kila mara, na asitamke neno "njoo". Aseme "kaa hapo" au "nenda penye watu". Alinitazama kwa uchungu. "Nimkatalie mwanangu nyumba yake?" Nikamwambia ndiyo, dada, kwa nusu saa hiyo mkatalie.

Siku ya 15 na 18, salamu

Hii ndiyo sehemu ya mradi ninayoithamini zaidi. Nilimuuliza: ukifuatwa, utakwenda wapi? Akanitajia kituo cha mafuta fulani. Unamjua mtu pale? Hapana. Utamwambia nini? Akanyamaza. Kisha: "Nitaona haya, Mjomba. Nikikosea je? Nimsingizie mtu wa watu?"

Nimemlea mtoto huyu mimi na mamake. Tumemfunza kushika mkono wa mkubwa, kuitikia salamu, kutompandishia mtu sauti, kutopita mbele ya wazee. Haya tuliyomtia tangu utotoni ndiyo iliyomsimamisha Bombolulu. Siwezi kumwambia aitupe, wala sitaki. Nilichoweza ni kuitafutia kazi: ukimjua mtu, huoni haya kumwendea.

Basi tukazunguka kutoa salamu. Njia yake yote kutoka mjini mpaka Kiembeni tulichagua mahali patatu: kituo cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha, geti la hospitali, na kituo cha polisi. Tulikwenda usiku, saa anazopita yeye, si mchana ambapo zamu ni nyingine. Kwenye mafuta tulinunua soda tukakaa. Kijana wa pampu na mama mmoja wa dukani wakamuuliza jina, akawaambia, akawaeleza kazi yake na njia yake. Yule mama akasema: "Ukiingia hapa mbio, usiende pampu. Njoo moja kwa moja mpaka mlangoni pangu, piga honi usiiachie." Mafunzo mazuri kuliko yangu, maana mimi nilikuwa nimemwambia asimame kwenye taa.

Getini kwa hospitali bawabu alitaka kujua tuna mgonjwa gani. Tulipomweleza akacheka, kisha akawa mkali: alisema tumefanya vizuri.

Kituo cha polisi kilimtisha. Hakuwahi kuingia. Alisimama kwenye kaunta ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kama mshitakiwa. Askari wa kike aliyekuwa zamu akamuuliza shida yake. Mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba hana shida bado. Yule askari akaweka kalamu chini, akamwambia aje hata kama hana hakika, kwamba kuwa na hakika ni kazi yao. Tulipotoka mtoto alikuwa anatembea vingine.

Siku ya 22, jaribio la kwanza

Dereva mwenzangu wa miaka mingi amekubali kumfuata. Nilifikiri sana kama nimfiche. Baada ya ile simu ya Mama Ngina niliapa kutomtia mtu hofu ya bure, kwa hiyo nilimwambia: wiki hii, usiku mmoja, gari litakufuata. Sikumwambia usiku gani wala gari gani.

Alipiga simu kutoka Kongowea, maneno yametoka kwa pumzi moja kama tulivyopanga. Probox nyeupe. Ila mwenzangu hana Probox. Yeye alikuwa nyuma ya hiyo Probox, gari la tatu, tangu Buxton. Probox ilikunja ikaenda zake.

Kosa ni langu katika ufundishaji. Nilimzoesha kutazama gari lililo nyuma yake, sio nyuma ya nyuma. Anayejua kufuata haji kukupumulia kisogoni. Tumeongeza: kwenye kila taa nyekundu, ataje kimoyomoyo magari matatu ya nyuma. Taa inayofuata ajiulize ni lipi bado lipo.

Siku ya 26, jaribio la pili

Alimwona. Gari la pili nyuma, alilishuku kabla hajapanda daraja la Nyali. Juu ya daraja alikaa njia ya kushoto akatulia, kwa sababu pale huna pa kukunja mpaka ng'ambo, na kukimbia hakukupi chochote. Alinipigia simu. Sauti nzuri, nambari sahihi, tarakimu zote tatu.

Halafu akakipita kituo cha mafuta alichokunywa soda, akakunja kuingia Kiembeni, akaenda mpaka mlangoni kwao.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, analia. "Nilijua, Mjomba. Wallahi nilijua naipita. Mikono ndiyo iliyokunja."

Sikumgombeza. Mtoto akiogopa hukimbilia kwao, kiumbe yeyote hukimbilia kwao. Huwezi kuiondoa njia hiyo mikononi kwa maneno, inabidi uifukie kwa njia nyingine.

Siku ya 27 hadi 32

Kila usiku, bila kufuatwa na mtu, anaingia kituo cha mafuta kabla ya kwenda nyumbani. Dakika mbili. Anaegesha mbele ya duka, anamsalimu mama wa dukani, anatoka. Usiku wa tano aliniambia alikuwa anawaza mambo ya kazini akashtukia ameshakunja pale. Nikaandika hilo kwa wino mwekundu.

Siku ya 33, Kizingo

Tumerudia kisa cha Bombolulu. Mimi ni yule mtu. Nilikuja ubavuni, nikashusha kioo: "Binti yangu! Tairi lako!" Mara ya kwanza alishusha kioo chake nusu. Mara ya pili alikaza macho mbele na uso ukamharibika, kana kwamba amenitukana.

Tukatafuta la kufanya ambalo moyo wake utalikubali. Mwisho alilipata mwenyewe: kioo kiko juu, milango imefungwa, anaweka mkono wa kulia kifuani, anainamisha kichwa kidogo, na anaendelea. Salamu imejibiwa, shukrani zimetolewa, gari halikusimama. Tairi atalitazama kwenye taa, mbele ya watu. Tumerudia mara 12. Mara za mwisho mkono ulikuwa unakwenda kifuani wenyewe na mguu hautoki kwenye mafuta.

Hivyo hivyo akigongwa kidogo kwa nyuma usiku mahali pa upweke: awashe indiketa zote nne, aonyeshe ishara ya kusonga mbele, aende mpaka penye watu ndipo asimame. Mwenye nia njema atamfuata na wataelewana huko.

Siku ya 36, jaribio la tatu

Alimwona akiwa gari la tatu. Akaingia kituo cha mafuta, akapiga honi mlangoni. Kijana wa pampu akatoka na mpini wa ufagio kabla sijafika kueleza, ikabidi nimnunulie mwenzangu soda ya kumtuliza roho. Dakika 14 tangu alipomshuku mpaka alipoegesha. Mwendo wake haukupita 50 mjini. Hilo la mwendo nililiogopa tangu mwanzo: wengi anayewafuata hawafikii, ila wenyewe huingia kwenye lori.

Siku ya 40

Aliniuliza: na kama anayenisimamisha ni polisi bila sare? Askari mwenye sare anatakiwa awe na jina au nambari yake mahali panapoonekana. Asiye na sare, kwenye giza, asisimamiwe papo hapo: indiketa zote nne, mwendo wa pole, mpaka kituo cha polisi kilicho karibu, na wakati huohuo 999 waambiwe ni gari gani linamsimamisha na yeye anaelekea wapi. Tuliandika hilo kwenye karatasi, liko ndani ya kisanduku cha dashibodi pamoja na bima.

Feri tulibishana. Yeye aliona foleni ya Likoni kuwa ni mtego kwa kuwa hakuna pa kutokea. Mimi naona watu mia kadhaa na walinzi. Hatujakubaliana, na njia yake haipiti Likoni, nimeliacha.

Siku ya 44

Hili si jaribio. Ninaandika saa sita usiku.

Saa mbili kasoro dakika kumi alinipigia. "Mjomba, ni wewe umemtuma mtu?" Nikasema la. Kimya kidogo, kisha ile pumzi moja: nimeshuka daraja la Nyali, naelekea kwa mama wa dukani, salun ya rangi ya kiza, taa ya kushoto hafifu, lipo tangu Buxton. Tarakimu tatu na herufi. Hakukosea mpangilio.

Kona nne hakuzifanya. Alishuka mpaka kilomita 40 kwenye njia ya kushoto, akaacha kila mtu ampite. Matatu zilimpita, lori likampita, tuktuk ikampita. Salun haikumpita. Hilo silo nililomfunza, na ni bora kuliko nililomfunza.

Aliingia. Honi niliisikia kwenye simu, ndefu, haiachii. Baadaye kijana wa pampu alinisimulia kwamba lile gari lilipunguza mwendo kwenye mlango wa kituo, likasimama kando ya barabara kama dakika mbili, taa zinawaka, kisha likaondoka kuelekea njia ya Kiembeni. Ni nani na alitaka nini hatutajua.

Mamake alikuwa kwenye simu muda wote huo. Nilimuuliza mtoto alimwambia nini. "Alisema kaa hapo. Alisema mara nyingi tu, kaa hapo, kaa hapo. Alikuwa analia lakini hakusema njoo."

Nilifika kutoka Tudor baada ya dakika 25. Nilimkuta ndani ya duka, amekaa juu ya kreti la soda, kikombe cha chai mkononi, na ile nambari ameiandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Tulipitia kituo cha polisi kwanza. Maelezo yaliandikwa kwenye OB na tumepewa nambari yake. Hakusimama kama mshitakiwa safari hii. Alisema yote mwenyewe, mimi nilikaa kwenye benchi.

Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma. Kabla ya kukunja Kiembeni alishuka tena mpaka 40 kwenye njia ya kushoto, akangoja. Nilielewa. Nilimwashia taa mara mbili, ndipo akaongeza.

Nyumbani geti lilikuwa limefungwa na taa ya nje imezimwa. Dada alikuwa amesimama ndani, nyuma ya bati, tunamwona miguu tu.

"Nyuma yako kuna nani?"

"Ni Mjomba, mama."

"Nyuma ya Mjomba je?"

Mtoto akageuka akaitazama barabara yote mpaka mwisho wake. "Hakuna."

Ndipo komeo likafunguliwa.